Rangi ya samaki haisubiri: nilivyotengeneza kadi za kutambulia samaki wa pwani ya Mtwara

Kuna ushauri mmoja unaoniudhi mpaka leo. Kila ninayemwambia kwamba nachora samaki wa pwani yetu kwa ajili ya kadi za kubeba mfukoni, ananijibu vilevile: "Mweke samaki kwenye spiriti, utamchora kwa nafasi yako." Wengine wanasema fomalini, dawa kali ya kuzuia kuoza. Ushauri huo wameutoa maabara, na kwa kazi ya maabara ni sahihi, maana pale mwanafunzi anahesabu miba na kupasua tumbo. Kwa mchoraji wa kadi za kutambulia samaki, ushauri huo unaiua kazi kabla haijaanza.

Chukua changu mwenye doa ubavuni, ambaye kitaalamu ni Lethrinus harak. Akiwa mzima, mgongo wake ni wa rangi ya zeituni, tumbo la fedha, na ubavuni ana doa jeusi la umbo la yai ambalo mara nyingi limezungukwa na ukingo wa njano. Mkia una wekundu wa machungwa. Sasa mtumbukize kwenye spiriti. Rangi za njano na nyekundu za samaki ni za aina inayoyeyuka kwenye mafuta na kwenye spiriti, kwa hiyo ndizo zinazotangulia kutoka. Baada ya siku chache utaona spiriti yenyewe imeanza kuwa na unjano. Weusi unabaki, kwa sababu ni melanini, na melanini haitoki kwa spiriti. Buluu ina shida yake peke yake: si rangi iliyotiwa kwenye ngozi, ni mwanga unaorudishwa na vichembe vidogo kama fuwele vilivyopangwa ndani ya ngozi, na ngozi ikikakamaa mpangilio ule unaharibika. Mwishowe unabaki na samaki wa kahawia mwenye doa jeusi. Samaki mwingine, Lutjanus fulviflamma, naye akikaa kwenye chupa hiyohiyo anapoteza mistari yake ya njano na kubaki na doa jeusi ubavuni. Wawili ambao mvuvi anawatofautisha akiwa bado yuko mbali na ndoo, kwenye karatasi wanakuwa karibu ndugu.

Kadi za kwanza za changu zilichorwa kwa njia hiyo, kwa msisitizo wa watu wenye vyeti. Magamba yalikaa kwenye mistari yake, miba ilitimia, vipimo vilikuwa sawa hadi milimita. Mzee mmoja mvuvi wa Sudi aliishika kadi, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu. "Huyu umemchora kashakufa siku nyingi, mwanangu." Jina hakulitaja, maana hakumtambua, na huyo ni samaki anayemla nyumbani kwake. Seti yote ya changu na ya chewa ikaanza upya.

Tangu hapo nafanya kazi kwa kanuni moja: rangi inachukuliwa ufukweni, umbo linachukuliwa mezani.

Samaki anayefaa ni wa dema, ule mtego wa kusukwa, na baada yake wa mshipi. Wa dema anafika akiwa hai, mapezi mazima, magamba hayajang'oka. Wa jarife, yaani wavu, ana alama za nyuzi shingoni na magamba yamechubuka. Wa baruti usimguse hata kama ni wa aina unayoitafuta mwaka mzima: uti umevunjika, damu imevilia chini ya ngozi, na wekundu huo utauchora ukidhani ni wake. Wenye madema wa ghuba ya Mikindani na upande wa Msangamkuu wanajua saa zao kwa kufuata maji, kwa hiyo jifunze bamvua na maji mafu, yaani siku za maji makubwa na za maji madogo, kabla ya kujifunza brashi. Ukifika sokoni Feri wakati mnada wa samaki umeshaanza, umechelewa.

Samaki anasafiri kwenye ndoo ya maji ya bahari yenye kifuniko. Akishakufa, baridi inahitajika, ila usimwagie vipande vya barafu. Barafu ni maji baridi yasiyo na chumvi. Yakigusa jicho linapata ukungu mweupe, na yakigusa ngozi yanaacha mabaka yaliyopauka. Mimi nagandisha maji ndani ya chupa za plastiki za lita moja na nusu, nazitumbukiza zikiwa zimefungwa kwenye maji ya bahari. Chupa mbili zinatosha ndoo ya lita 20 kwa asubuhi nzima, na chumvi haipungui.

Rangi yenyewe ndiyo nitakayokaa nayo, maana hapo ndipo watu wanapokosea. Nina vipande vya karatasi nzito ya rangi za maji, kila kimoja upana wa vidole viwili, vimebanwa kwenye ubao. Samaki akiwa bado anapumua nachora umbo lake kwa penseli, haraka, bila urembo, kisha natia namba: 1 paji la uso, 2 kifuniko cha shavu, 3 doa, 4 ukingo wa doa, 5 pezi la kifuani, na kuendelea. Halafu kwenye kipande cha karatasi nachanganya rangi ya kila namba, nakisogeza mpaka kiguse samaki penyewe, na kama hakifanani nachanganya tena kando yake. Chini naandika mchanganyiko: njano kiasi gani, kahawia kiasi gani. Naanza na jicho na mapezi, namalizia na mgongo, kwa sababu mgongo ndio unaokawia kubadilika. Robo saa ya mwanzo ndiyo mali. Picha ya simu napiga pia, lakini simu inarekebisha rangi kwa matakwa yake, kwa hiyo picha natumia kwa umbo na mpangilio wa madoa tu.

Na mahali unaposimama panahesabika. Ufukweni kwetu kivuli kingi ni cha turubai la buluu. Ukimweka chini yake mkundaji, wekundu wake unageuka zambarau, na tumbo la fedha la kolekole linakuwa la buluu kabisa; wewe huoni, kwa sababu macho yameshazoea, ila ukiipeleka karatasi nyumbani utashangaa. Turubai la machungwa ni baya zaidi. Kaa kwenye kivuli cha ukuta uliopakwa chokaa au chini ya mti uliokwenda juu, na mgongo wako uwe kwenye jua. Shati jeupe. Mimi sivai shati la rangi siku ya kuchora, kwa kuwa ngozi ya samaki aliyelowa inarudisha rangi ya shati lako kama kioo.

Zipo aina ambazo rangi moja haitoshi. Tasi, Siganus sutor, akitishika anabadilika palepale na kuwa na mabaka ya kahawia. Ndani ya dema ni mmoja, mkononi ni mwingine. Kadi yake ina michoro miwili. Mkundaji wengi huzidi wekundu wakifa, kwa hiyo andika kabisa "mzima" au "amekufa" kwenye kipande cha rangi. Pono ndio kazi ngumu kuliko wote: wengi wao huanza na rangi za kahawia na kijivu, kisha wakubwa wakageuka kuwa madume ya kijani na buluu. Ukichora dume peke yake, nusu ya pono wa sokoni watakosa jina.

Mezani sasa. Mlaze samaki ubavu wa kushoto ukiwa juu, kichwa kushoto, maana desturi ya michoro ya samaki ni hiyo duniani kote na msomaji analinganisha kadi kwa kadi. Ubavu wa kushoto ukiwa na jeraha, chora wa kulia, kisha upindue kwa karatasi ya kunakilishia. Gayogayo ndiye asiyefuata desturi hiyo: Psettodes erumei anaweza kuwa na macho kulia au kushoto, kwa hiyo mchore alivyo.

Mapezi yakilala mchoro umekufa. Chini ya samaki naweka kipande cha ile povu nyeupe ngumu inayokuja ndani ya boksi la televisheni, nalichimba kidogo ili tumbo likae. Natandaza pezi la mgongo kwa pini nyembamba za washonaji, pini nyuma ya mwiba, kamwe si kuutoboa utando. Halafu napaka fomalini kali kwa brashi ndogo kwenye mapezi tu, nangoja kama dakika kumi, natoa pini, na mapezi yanabaki wima. Hapa ndipo fomalini ina kazi. Fanyia nje, upepo ukikupa mgongo, na glovu mkononi. Samaki aliyepakwa haliwi na mtu wala paka. Fukia chini sana.

Kisha hesabu. Chewa wa ukoo wa Cephalopholis wana miba migumu 9 kwenye pezi la mgongo, wengi wa Epinephelus wana 11, basi kosa la miba miwili linakupeleka kwenye ukoo mwingine. Changu wa Lethrinus hawakusaidii kwa miba: wote wana 10 migumu na vijiti laini 9. Kwao hesabu safu za magamba kati ya mstari wa ubavuni na miba ya katikati ya pezi la mgongo, na tazama kichwa: Lethrinus nebulosus ana mistari ya buluu shavuni, Lethrinus lentjan ana wekundu kwenye ukingo wa kifuniko cha shavu. Alama hizo ndizo ninazozielekezea mishale midogo. Mtindo wa mishale ulisambazwa na Roger Tory Peterson wa Marekani katika kitabu chake cha ndege cha 1934, na sijaona unaoushinda. Mishale isizidi mitatu. Ukitia saba, mvuvi hajui aanze wapi.

Kuchora magamba kila mtu ana njia yake. Mimi napiga mistari myembamba ya mshazari kwa penseli ngumu ya 2H, pande mbili, na gamba linakaa kwenye makutano. Wino uwe usiotoka kwa maji.

Majina nayakusanya kwa kadi zisizo na maandishi, na naonyesha mtu mmojammoja. Ukiwakalisha kikundi, mkubwa wao akishasema jina, hakuna atakayembishia, na utaondoka na jibu moja lililorudiwa mara sita. Nauliza Msimbati, nauliza Mikindani, nauliza Lindi mjini na Kilwa Masoko, na majina yote yanaingia nyuma ya kadi pamoja na mahali lilipotajwa. Uliza pia akina mama wanaonunua samaki wakubwa na wadogo, kwa sababu wao wanajua ni yupi anayebadilika jina akikua.

Watu wengi wameomba nimtie silikanti, yule samaki wa kale, kwa kuwa alivuliwa karibu na kisiwa cha Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003 na sifa yake ni kubwa. Nimekataa. Anaishi kwenye kina kirefu, na kadi hizi ni za mtu aliyesimama kwenye mwamba maji yakiwa ya magoti. Nafasi yake nimempa bunju, maana huyo ana sumu inayoua na watoto wanamwokota.

Uchapishaji ulitaka akili kuliko kuchora. Mashine za wino wa majimaji za stesheneri zinatoa picha nzuri sana, lakini tone moja tu la maji ya bahari na rangi inakimbia. Tumia mashine ya leza. Omba nakala ya majaribio ya pono kwanza, kwani buluu na kijani chake ndizo zinazofifia. Nami huongeza buluu kwenye faili mpaka kwenye karatasi irudi sawa na kipande cha rangi cha ufukweni. Kadi ni A6, nne kwenye karatasi moja ya A4, jumla 48, zote zina laminesheni. Na hapa sikiliza vizuri: usitoboe karatasi. Acha ukingo wa plastiki mtupu wa milimita 5 kuzunguka kadi yote, na upande wa juu acha sentimita moja na nusu. Tundu litobolewe kwenye plastiki hiyo tupu. Likipita kwenye karatasi, maji ya chumvi yananyonywa kuanzia tunduni, na kuvu jeusi litamfikia samaki kabla ya mwezi kwisha. Nilishauriwa kufunga kwa pete za chuma. Zinaota kutu na kuchafua kila kadi. Mshipi mnene wa nailoni, ule wa kuvulia kolekole, unatosha, fundo liwe legevu ili kadi zifunguke kama pepeo la ukili.

Gharama sikuziandika vizuri. Rangi na brashi nzuri ndizo zilizokula pesa, na ziliagizwa Dar es Salaam. Samaki niliwanunua kwa bei ya sokoni, na wasiopakwa dawa waliishia jikoni. Seti moja ikitoka stesheneri inafika makumi kadhaa ya maelfu, ukichapisha nyingi inashuka. Ukitaka kuokota chochote ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, fuata kibali kwanza. Mimi nilitegemea samaki wa mnadani.

Michoro ya asili iskaniwe siku inapokauka, dipiai 600 (nukta 600 kwa kila inchi), nakala mbili mahali tofauti. Unyevu wa pwani wakati wa masika unaotesha vidoa vya kahawia kwenye karatasi hata ikiwa kabatini, kwa hiyo michoro yangu imo kwenye debe la biskuti lenye mfuko wa mchele mkavu ndani, na mchele naubadilisha ukianza kulainika.