Dizeli nyekundu, mti wa barabarani na mti wa uani

Mti uliosimama kando ya barabara ya umma na mti uliosimama uani kwa mtu, hata ukiwa wa aina moja na umri mmoja, si kitu kimoja mbele ya sheria ya mafuta ya Uingereza. Jambo hili limenishughulisha kwa muda sasa, kwa sababu mpwa wangu anafanya kazi ya kukata na kutunza miti kusini mwa nchi hiyo, na kwa sababu mimi mwenyewe hapa Mwanza huwatunzia hesabu mafundi wa kazi hiyohiyo, wale wanaoitwa kupunguza mijohoro iliyogusa nyaya za umeme na miembe iliyoelemea mapaa ya watu. Swali aliloniletea ni la kodi ya kule, lakini nikilitazama naona linatuhusu pia sisi wa pwani ya Ziwa Victoria.

Nianze na sheria yenyewe. Uingereza ina dizeli ya aina mbili, ambazo kimsingi ni mafuta yaleyale. Ya kwanza, ambayo watu huiita dizeli nyeupe, imelipiwa ushuru kamili na ndiyo inayotumiwa na magari ya barabarani. Ya pili imetiwa rangi nyekundu pamoja na kemikali za utambuzi, na ushuru wake umepunguzwa sana, kwa hoja kwamba mashine inayofanya kazi shambani haina sababu ya kutozwa sawa na lori linalochakaza lami. Machi 2022 ushuru wa dizeli nyeupe uliwekwa peni 52.95 kwa lita (peni mia ni pauni moja), na wa dizeli nyekundu peni 10.18. Tofauti yake ilikuwa karibu peni 43 kwa kila lita. Kwa mashine inayokunywa, tuseme, lita 40 kwa siku, hiyo ni pauni 17 za kila siku ya kazi, na kwa kampuni ya watu watatu au wanne fedha hizo huamua kama mwezi utaisha na faida au na deni.

Zamani utata ulikuwa mdogo. Sheria ya Ushuru wa Mafuta ya mwaka 1979 ilijali zaidi kama chombo ni gari la barabarani au si gari la barabarani. Pikapu inayovuta mashine ilitakiwa kutumia dizeli nyeupe, na hakuna aliyebisha. Mashine ya kusaga matawi inayovutwa nyuma ya pikapu hiyo, yenye injini yake na tangi lake, haikuhesabiwa kuwa gari la barabarani, kwa hiyo ilijazwa dizeli nyekundu popote ilipofanya kazi. Matangi mawili, mafuta ya aina mbili, na kila kibarua alijua kidumu kipi kinakwenda wapi.

Tarehe 1 Aprili 2022 msingi huo ulibadilishwa. Serikali iliamua kupunguza matumizi ya dizeli nyekundu, kwa sababu za mazingira na za mapato, na sekta nyingi zikaondolewa, ujenzi ukiwa mojawapo ya kubwa. Nafuu ikabaki kwa kilimo, kilimo cha bustani, ufugaji wa samaki na misitu, na kwa wengine wachache waliotajwa kwa jina, kama vile reli, viwanja vya gofu, vilabu vya michezo vya ridhaa, sarakasi na maonyesho yanayohama mji hadi mji. Tangu hapo haitoshi tena kuuliza kama mashine ni gari. Lazima uulize mashine hiyo inafanya kazi gani, wapi, na kwa madhumuni gani.

Mpwa wangu alinieleza siku moja ya kawaida kazini kwao, baada ya salamu zake na marahaba yangu. Asubuhi wanaingia katika msitu mdogo wa mkulima kuondoa miti iliyokauka. Mchana wanahamia barabarani, kukata matawi yaliyoinamia njia ya magari. Alasiri wanakwenda nyumbani kwa mtu, wanashusha mti mkubwa kipande kwa kipande kwa kamba, kwa kuwa mwenye nyumba anataka kuongeza chumba. Mashine ya kusaga matawi ni ileile kutwa nzima, na tangi ni lilelile. "Sasa mjomba," akaniuliza, "mafuta yaliyomo humo ni ya msitu, ya barabara, au ya ujenzi?"

Kazi ya asubuhi haina shida, kwa sababu inaingia katika misitu bila kulazimishwa. Ya mchana nayo ina mahali pa kushika, kwani katika masharti ya matrekta ya kilimo sheria hiyo imetaja waziwazi ukataji wa ua, yaani uzio wa mimea, na wa miti inayopakana na barabara za umma. Lakini angalia jinsi ruhusa hiyo ilivyo finyu: inamhusu mwenye trekta la kilimo, ilhali mafundi wengi wa miti hawana trekta, wana pikapu na mashine ya kuvuta. Kuna hata kifungu cha magari madogo ya shambani, ambayo sheria iliyafafanua kwa uzito usiozidi kilo 1,000 na kiti cha dereva peke yake. Sheria iliyoweza kuhesabu viti na kilo ilishindwa kumtaja kwa jina mtu anayepanda mti kwa kamba ili kuupunguza.

Kazi ya alasiri ndiyo yenye utata hasa. Kuna wanaosema kwamba kutunza mti wa uani ni kilimo cha bustani, kwa kuwa mti ni mmea na bustani ni bustani. Wengine wanajibu kwamba kilimo cha bustani ni kuzalisha maua, matunda na mboga, wala si kumwondolea mwenye nyumba kivuli asichokitaka. Mimi naona hoja ya kwanza ina nguvu pale mti unapopogolewa ili uendelee kuishi vizuri, na inadhoofika kabisa pale mti unapong'olewa kupisha msingi wa nyumba, maana hapo umeshaingia katika ujenzi, sekta ambayo nafuu yake iliondolewa makusudi. Lakini huo ni mtazamo wa mtunza hesabu. Anayeamua mwisho wa yote ni mahakama ya kodi, na kabla ya kufika huko kuna ofisa wa mamlaka ya mapato aliyesimama kando ya barabara.

Ofisa huyo hahitaji kubishana na mtu. Anachukua sampuli kutoka kwenye tangi, anaitazama rangi, anapima kemikali. Dizeli nyekundu ni sugu: ukijaza nyeupe juu yake, masalio hubaki na huonekana katika kipimo, na kumwaga na kusafisha tangi kati ya kazi ya mchana na ya alasiri si jambo ambalo fundi aliyelipwa kwa kazi anaweza kulifanya kila siku. Mamlaka ina uwezo wa kutoza faini na hata kukamata chombo chenyewe. Kwa mtu ambaye chombo hicho ndicho riziki yake yote, huo ni mzigo mzito kuubeba kwa sababu ya neno moja ambalo Bunge halikuliandika.

Nilimshauri atumie dizeli nyeupe katika kila mashine inayotoka nje ya msitu, na dizeli nyekundu abaki nayo kwa mashine isiyotoka msituni kamwe, tena awe na daftari linaloonyesha tarehe, mahali na aina ya kazi. Ni ushauri wa usalama, na unauma, kwa sababu maana yake ni kwamba mtu mwaminifu anaiacha haki ambayo huenda anayo, kwa kuwa hana hakika kama anayo. Kampuni kubwa inaweza kumlipa mwanasheria aiandikie barua ya maelezo. Mtu wa pikapu moja hawezi.

Sisi hapa hatuna dizeli nyekundu. Fundi wa miti wa Nyakato au Igoma hujaza sheli mafuta yaleyale ya daladala, iwe ni ya gari au ya msumeno. Kwetu hata alama imewekwa kinyume: tangu mwaka 2010, katika mpango ulioanzishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, vinasaba, yaani kemikali za utambuzi zisizoonekana kwa macho, huwekwa kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi kwa matumizi ya ndani, ili yale yasiyo na vinasaba, kama vile ya kupita kwenda nchi jirani au yaliyosamehewa kodi, yajulikane yakikutwa kituoni. Mwaka 2011 tulipandisha ushuru wa mafuta ya taa kwa sababu watu walikuwa wakiyachanganya na dizeli, na aliyeumia ni yule wa kijijini aliyekuwa akisoma kwa kibatari. Nilijifunza hapo kwamba nafuu isiyolindwa vizuri mwisho wake hulipwa na maskini.

Hata hivyo, hoja ya nafuu ipo, na hapa kando ya Ziwa ina uzito kuliko mahali pengi. Ndani ya bei ya petroli mna tozo ya barabara, na mvuvi wa Kirumba anayewasha injini ya mtumbwi wake usiku kufuata dagaa anailipa tozo hiyo kwa kila lita, ilhali njia yake ni maji. Naunga mkono kwa moyo wote kwamba apunguziwe. Lakini kabla ya kuandikwa nafuu yoyote, nataka waandishi wa sheria waje wasimame Mwaloni, kwenye soko la samaki la Kirumba, saa kumi na mbili asubuhi waone mtumbwi mmoja unavyofanya kazi: umeshusha dagaa, baada ya saa moja umepakia abiria na magunia ya visiwani, na jioni unarudi kuvua, kwa injini ileile na tangi lilelile. Kama kifungu kitasema "uvuvi" peke yake, basi ofisa wa doria na nahodha watabishana ufukweni kama wanavyobishana kule kandokando ya barabara za Uingereza. Kifungu kitaje mtumbwi wa kazi mchanganyiko kwa jina lake, kiseme ni kipimo gani kitatumika, na kiseme nani atakayebeba hasara pale ambapo sheria yenyewe haikusema.