Daraja la Chelewa

Leo nimewapa wanafunzi wangu wa Darasa la Tano chelewa, vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli na agizo moja tu: wajenge daraja la kuunganisha madawati mawili yaliyoachana kwa sentimita 40, nalo liweze kubeba kindoo cha mchanga. Kipindi ni dakika 40 na watoto ni 63, kwa hiyo nilijua mapema kwamba andalio langu la somo lingebaki kwenye karatasi.

Kundi la kwanza lilipanga miraba mitupu, likajisifu. Tulipomimina kikombe cha tatu cha mchanga, miraba ile ilianza kulala upande taratibu, kama mlevi anayetafuta ukuta, bila hata chelewa moja kukatika. "Mwalimu, mbona halijavunjika lakini limeanguka?" aliuliza mvulana mmoja. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza. Nakiri kwamba baada ya miaka 11 ya kushika chaki, kunyamaza ndiyo kazi inayonishinda kuliko zote.

Msichana wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi mpaka aitwe jina, aliufinya mraba kwa vidole, ukalala; akafunga chelewa moja kutoka kona hadi kona, akaufinya tena, ukagoma. Pande za mraba zinaweza kubaki na urefu uleule huku pembe zikibadilika, ilhali pembetatu ikishafungwa pande zake tatu, pembe hazina pa kwenda. Yeye hakuyasema hayo, alisema tu, "Huu umekataa." Daraja la kundi lake lilibeba vikombe 14, na hata hapo kilichokatika ni mpira.

Mwingine akakumbuka Daraja la Nyerere, analopita na mama yake wakienda kwa bibi Kigamboni, akachora ubaoni nyaya zinazoshuka kutoka kwenye nguzo ndefu hadi barabarani: pembetatu tupu. Daraja hilo la mita 680 lilifunguliwa mwaka 2016, yaani ni karibu rika lao, nami nimelivuka mara nyingi nikiwaza foleni tu.

Kengele ilipolia hakuna aliyeinuka. Mwalimu wa zamu alichungulia dirishani, akauliza ufagio wa darasa umekwenda wapi, na watoto wote wakanyoosha vidole kuelekea darajani.