Furu, chai ya maziwa na hoja ya Jenkin

Juzi asubuhi, kwenye mwalo mmoja hapa Mwanza, nilichutama mbele ya beseni la furu, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, nikiwatenganisha madume kwa kidole: huku wenye mgongo mwekundu na ubavu wa njano, kule wa bluu ya kijivu. Mama muuzaji akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, furu ni furu. Unanunua au unahesabu?"

Wataalamu humwita mwekundu Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu, na wa bluu Pundamilia pundamilia. Ni wawili tu kati ya spishi takribani 500 za furu wa ziwa hili ambalo, kwa makadirio ya wanajiolojia, lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita. Wingi huo umetoka wapi kwa muda mfupi hivyo?

Darwin alisema spishi mpya hutokea pale sifa zenye manufaa zinaporithiwa na kuenea, lakini mwaka 1867 mhandisi Fleeming Jenkin alimbana vilivyo. Wengi waliamini kuwa urithi ni kama maziwa katika chai ya rangi: mtoto huwa katikati ya wazazi wake, hivyo sifa mpya, hata ikiwa na manufaa, hupungua kwa nusu kila kizazi mpaka ipotee. Jibu lilikuwa limekwisha kuchapishwa mwaka 1866 na Gregor Mendel, mtawa wa Brno, aliyehesabu njegere punje kwa punje: laini 5,474, zenye mikunjo 1,850. Mikunjo iliyotoweka katika kizazi cha kwanza ilirudi katika cha pili ikiwa kamili. (Ulimwengu ulizinduka mwaka 1900, yeye keshakufa.)

Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa furu wetu walitokana na kuzaliana kwa koo mbili za kale, moja ya Kongo na nyingine ya Nile. Kwa hesabu ya Jenkin, tofauti zingefutika hapo hapo. Kumbe kila ukoo ulileta aina yake ya jeni ya kuona rangi, zote mbili zikadumu, na leo moja huwafaa wanaoishi karibu na uso wa maji, nyingine wanaoishi chini kidogo ambako mwanga umeelemea wekundu.

Hata hivyo, majike huchagua madume kwa rangi, na rangi huhitaji maji maangavu. Katika kisiwa cha Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza, maji ni ya tope. Huko wekundu na bluu wamezaliana wakawa kundi moja lenye rangi za kila namna, na mama yule angekuwa sahihi kabisa.