Alama Moja ya Silakanti

Nilikuwa kidato cha pili, na chemsha bongo ya baiolojia ilikuwa imebakiza maswali mawili. Sisi wasichana tulikuwa mbele kwa alama moja. Maswali ya mwanzo tuliyatafuna kama njugu. Pweza ana mioyo mingapi? Mitatu. Damu yake je? Buluu. Samaki gani ambaye dume ndiye abebaye mimba? Farasi-bahari, na hapo wavulana wakaangua kicheko mpaka mwalimu akagonga meza.

Kisha likaja la samaki aitwaye silakanti. "Jina lake la kisayansi?" Mvulana mmoja akalitamka lote bila kukwama: Latimeria chalumnae. Tukawa sare. La mwisho likatuangukia sisi: nani aliyemgundua?

Nilisimama hata kabla wenzangu hawajanong'onezana. "Marjorie Courtenay-Latimer. Afrika Kusini, 1938."

Muulizaji akaitazama kadi yake. "Si sahihi. Ni J.L.B. Smith." Nilipobisha, alinijibu kwa upole wa mtu asiyetaka kuchelewa chakula cha mchana: "Huyo mama alimwona tu. Mwanasayansi ndiye aliyemtambua."

Alimwona tu! Nilirudi nyumbani koo limenikaba.

Nyanya yangu alikuwa mama karanga. Alinunua samaki kwa wavuvi alfajiri, akawakaanga jioni mlangoni pake. Nilimkuta anaparura magamba ya changu, yakimrukia hadi kwenye leso. "Mke mwenzangu, mbona umenuna?" Nikamwaga yote.

Nilimweleza kwamba yule mama alikuwa msimamizi wa makumbusho madogo ya mji wa East London, na shahada ya chuo kikuu hakuwa nayo. Alizoea kupigiwa simu meli ya uvuvi ikirudi, aje achague anachotaka. Tarehe 22 Desemba alikwenda, na chini ya rundo la papa na taa akaona pezi la buluu limechomoza. Akaondoa wale wa juu mmoja mmoja, na utelezi wao, mpaka akamfikia samaki wa kilo hamsini na kitu, mwenye magamba magumu na mapezi yaliyoota juu ya vikonyo vya nyama kama vijimikono. Dereva wa teksi aligoma kumpakia kwa sababu ya harufu, wakabishana hadi akakubali. Chumba cha maiti kikamkataa samaki, na ghala la barafu likamkataa. Mwenyekiti wa bodi ya makumbusho akasema huyo ni tewa tu.

Nyanya aliacha kuparura. "Tewa? Tewa hamjui?"

Basi yule mama akachora picha, akamwandikia Smith, aliyekuwa akifundisha chuoni Grahamstown. Smith alikuwa safarini, na barua ikamfikia Januari 3. Kufikia hapo matumbo na matamvua yalikwisha kutupwa, ikabaki ngozi iliyokaushwa. Lakini ilitosha kumwonyesha Smith samaki ambaye wataalamu waliamini ukoo wake ulitoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita.

"Rundo la samaki nalijua mimi," Nyanya akasema. "Watu mia hupita. Wanaangalia walichojia." Akarudi kwenye changu wake. Baada ya muda akauliza, "Na huyo samaki yuko wapi sasa?"

Wa Afrika Kusini yuko mbali, nikamwambia, lakini sisi tunaye wetu. Aprili 2001 meli ya uvuvi ilimnasa mmoja kwenye bahari ya Malindi, na yuko Makumbusho ya Malindi, Nyumba ya Nguzo. Nyanya alikuwa amepita mbele ya nyumba ile maisha yake yote na hakuwahi kuingia.

Jumapili tukaenda, yeye na buibui lake la kutokea. Alimzunguka yule samaki taratibu, akiinama, jinsi anavyokagua mzigo wa mvuvi asiyemwamini. Mapezi ndiyo yaliyomshika. Nilimwambia akiogelea huyachezesha kwa kupishana, kama mtu anayetembea, na kwamba hatagi, huzaa. "Na nyama yake?" Ina mafuta mengi, nikasema, huendesha tumbo. Akamwondolea hesabu papo hapo.

Nyanya alisoma Kiarabu madrasani. Herufi za Kizungu alinitegemea mimi. Akaonyesha kidole. "Hapo kaandikwaje?"

"La-ti-me-ria," nikasoma, nikanyamaza. Latimer! Smith mwenyewe ndiye aliyempa samaki jina la yule mama. Jibu langu lilitamkwa ukumbini, kwa sauti, na timu pinzani, ikapewa alama kwa kulisema. Nami nilisimama pale pale nikibisha bila hoja, nayo ilikuwa imeshapita sikioni mwangu. Niliona haya kuliko siku ile ya chemsha bongo.

Nilipomfafanulia, Nyanya alicheka hadi mlinzi akageuka. "Kumbe ni Bi Latima! Nao wakasema si yeye?"

Tangu hapo, akikuta sokoni samaki asiyemfahamu, alimtenga kwenye beseni dogo, akamtuma mtoto mbio kwetu: mwambie aje haraka, aone kama huyu naye ni tewa.