Gramu 700

Jana fundi baiskeli wa pale kona alikuwa akiziba tairi la binti yangu. Alipofungua kile kichupa cha solusheni, harufu ikanijaa puani, nikaacha kusikia alichokuwa akiniambia. Nikawa tena sebuleni Tandika, usiku, madirisha wazi, nimepiga magoti juu ya boti ya upepo nikibandika kiraka kwenye pindo.

Ni ile boti ya bluu, ile niliyoiunga kwa pasi ndogo. Kitambaa chake ni nailoni iliyopakwa plastiki upande mmoja. Moto ukiupatia, pande mbili zinashikana moja kwa moja, ukiuzidisha umetoboa. Ilinila Jumamosi nyingi. Ilipokamilika ilikuwa na kilo 3 na kidogo, ikikunjwa inaingia kwenye begi la shule, na haihitaji pampu. Unakinga upepo kwa mfuko mwepesi, unasokota mdomo wake, unaukamulia ndani ya boti, unarudia mpaka ijae. Kule Alaska watu huzibeba pakirafti kama hizi mgongoni, wakavuka milima, wakifika mtoni wakazijaza na kushuka na maji. Mimi nilitaka pwani ya Kigamboni, kwa miguu hadi Kimbiji, bila kuzunguka bara kila tunapokutana na hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu.

Usiku ule nilipima kila kitu kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Kasia la vipande vinne ndilo lingekuwa nguzo ya turubai. Boti ndiyo ingekuwa godoro. Jiko tuliliacha, tukachukua korosho, kashata na dagaa wa kukaanga. Tochi kubwa nayo niliiacha, kwa kuwa nilichagua siku za mwezi mpevu makusudi, tupate mwanga wa bure. Mpaka leo naamini kabisa katika kutembea hivyo. Mwenye kilo 7 mgongoni huitazama bahari. Mwenye kilo 18 hutazama vidole vyake vya miguu.

Yakabaki majaketi okozi. Langu nililitoa mbele ya mdogo wangu, akacheka tu. Yeye hajui kuogelea. La kwake nililitoa alipokwenda kuoga. Lilikuwa na gramu 700.

Kesho yake tukavuka na pantoni, Mjimwema tukaipita jua likiwa bado dogo, Gezaulole tukanunua maji. Magharibi ikatukuta ukingoni mwa hori, mikoko huku na huku, mwezi ukapanda mkubwa kuliko nilivyotarajia. Tulilala juu ya boti tukisikia maji yakijaa chini ya mikoko. Sijawahi kulala vizuri hivyo.

Saa moja asubuhi hori ilionekana nyembamba, haina hata wimbi. Mdogo wangu akaanza kufungua kamba za mfuko. Nikamwambia, "Acha, tunavuka tu hapo, dakika tano." Akaacha.

Boti tuliijaza jioni, upepo ukiwa na joto. Usiku ulipopoa ukasinyaa, na mimi sikuongeza hata pumzi moja. Tulipokaa, ikajikunja katikati. Nikapiga kasia mara tatu, nne, nikainua macho kuangalia mti niliokuwa nimeulenga ng'ambo, sikuuona. Ulikuwa umeshabaki nyuma. Maji yalikuwa yanatuchukua, kimya kimya, bila povu wala kelele. Nikageuza boti kuukata mkondo moja kwa moja, nikapiga kwa nguvu zangu zote, na kadiri nilivyopiga ndivyo mikoko ilivyozidi kukimbia kuelekea bara. Mbele, pale hori inapofungukia baharini, mawimbi yalikuwa yanapasuka, meupe, mstari mzima.

Ndipo nikauona mkono wa mdogo wangu. Ulirudi nyuma taratibu, ukapapasa kamba za mfuko, pale jaketi linapofungwa siku zote. Ukapapasa upande wa pili. Ukatulia hapo kidogo, kisha ukarudi kushika ukingo wa boti. Hakugeuka, wala hakusema neno. Nilikuwa nyuma yake, naona kisogo tu, na jasho linashuka kwenye ukosi wa shati.

Sauti ilitoka kwenye mikoko. Bibi mmoja, kanga kiunoni, ndoo mkononi, alikuwa akingoja maji yatoke akaokote tondo.

"Wanangu, msishindane nayo! Itazamisheni yanakotoka maji! Kisha ilalieni huku kwangu!"

Nikageuza mdomo wa boti ukatazama bara, nikaulaza mshazari kidogo kuelekea kwake, nikapiga kasia polepole. Bado tulikuwa tunarudi nyuma, lakini sasa mkondo wenyewe ukawa unatusukuma upande, hatua kwa hatua, kama mtu anayesogeza kitanda. Tawi likanigusa bega. Nikalishika, chaza wakanichana kiganja, sikuliachia.

"Shikamoo bibi," ndilo neno pekee lililonitoka.

"Marahaba. Hamjui kama ni bamvua? Mwezi ukiwa hivi maji yanajaa sana na yanatoka sana. Mngekaa mpaka saa nne, mngepita kwa miguu."

Na kweli. Saa nne tulivuka tope likiishia magotini, boti begani. Mwezi nilioutafuta ili nipunguze tochi ndio uliovuta maji yale. Jambo hilo analijua kila mtoto wa pwani, na mimi nimezaliwa Temeke. Kimbiji tulifika kesho yake, hapakuwa na la ajabu.

Tangu siku ile nasoma ratiba ya maji kupwa na kujaa kabla hata ya kugusa mizani, na boti naiongeza upepo kila asubuhi. La jaketi ndilo sijui nilifanyeje. Miaka imepita, mdogo wangu hajawahi kuuliza, nami kila nikitaka kusema naona labda alidhani alisahau kulifunga mwenyewe, akajilaumu, na ndiyo maana alinyamaza. Hilo linaniumiza zaidi.

Jana usiku, harufu ya solusheni bado ipo vidoleni, nikampigia. Nikamwambia boti bado nzima, twende tena mwezi ujao, siku za maji mafu, yasiyojaa wala kutoka sana, nimeshaangalia tarehe. Akakaa kimya kidogo.

"Twende kaka," akasema. "Ila mfuko wangu nitafungasha mwenyewe."