Jaribio la Dawa Lenye Mgonjwa Mmoja

Kwa miaka mitatu nilikuwa nikimeza atorvastatini ya kupunguza lehemu, juu ya dawa za kisukari, za shinikizo la damu na za goti lililochakaa, na muda wote huo nilikuwa na hakika kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniuma mapaja usiku. Mara mbili niliiacha kimyakimya, maumivu yakapungua, nikaona ushahidi umetimia. Daktari aliponibana nilikiri. Hakunikemea, ila alisema: "Ulipoiacha ulijua umeiacha. Sasa tutajuaje kama ni dawa iliyotoka mwilini au ni wasiwasi uliotoka moyoni?"

Tafiti nyingi za dawa huwaweka kando wagonjwa wenye maradhi kadhaa kwa pamoja ili matokeo yasivurugike, ilhali sisi ndio tunaozimeza dawa hizo kwa wingi. Ndipo akanieleza njia ambayo Gordon Guyatt na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliiandikia mwaka 1986: mgonjwa mmoja hutumia dawa na plasebo (kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani) kwa zamu, bila yeye wala daktari wake kujua zamu ni ya kipi. Kwa kuwa sikuwahi kupata mshtuko wa moyo wala kiharusi, alikubali niikose dawa kwa vipindi vifupi.

Mfamasia alitia vidonge ndani ya kapsuli zisizopenya mwanga na kuandaa nyingine zilezile zisizo na dawa, kisha akarusha sarafu kupanga mfuatano, akaufunga ndani ya bahasha. Vipindi vilikuwa sita vya wiki nne, vitatu vya dawa na vitatu vya plasebo, na wiki ya kwanza ya kila kipindi hatukuihesabu, ili mabaki ya kipindi kilichotangulia yaishe mwilini. Kila usiku saa tatu niliandika maumivu kwa alama kuanzia 0 hadi 10, pamoja na kazi nilizofanya mchana.

Kuandika hakukunishinda. Kilichonitesa ni sharti la kutobadilisha kitu kingine chochote, kwani mwenye magonjwa manne hana mwezi uliotulia. Katika kipindi cha tatu shinikizo lilipanda, ikabidi dozi ya dawa yake iongezwe. Daktari hakutaka hata kujadili kuichelewesha, na alikuwa sahihi. Tulikifuta kipindi hicho na kukirudia, jambo lililonikera sana, maana nilikuwa nimekwisha kujiaminisha kwamba ni cha dawa. (Kilikuwa cha plasebo.)

Siku ya kufungua bahasha, daktari alitandaza mezani karatasi sita za grafu nilizochora kwa penseli, akaandika juu ya kila moja herufi ya D au P. Wastani wa dawa ulikuwa 4.3, wa plasebo 4.1. Nilizikodolea macho karatasi zile nikitafuta tofauti niliyoiapia kwa miaka mitatu, nisiione. Kilichoonekana ni kwamba alama za 7 na 8 ziliangukia karibu zote usiku wa siku nilizopanda ngazi sana au kupiga magoti, iwe kwa D au kwa P. Goti lilinifanya nichechemee, na mapaja yakabeba mzigo.

Hapo ndipo aliponisimulia utafiti wa SAMSON wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, ambao alikuwa amenificha makusudi nisije nikaathirika. Watu 60 walioacha statini, jamii ya dawa ambamo atorvastatini imo, kwa sababu ya madhara walipewa miezi ya statini, ya plasebo na ya kutomeza chochote, na asilimia 90 ya adha waliyoipata kwa statini ilijitokeza pia kwa plasebo. Adha hiyo haikuwa ya kubuni. Waliumwa kweli, kama nilivyoumwa mimi.

Atorvastatini nimeirudia. Sasa tunaandaa jaribio la dawa ya kutuliza maumivu ya goti, na kwa kuwa dawa za jamii hiyo huweza kupandisha shinikizo la damu, safari hii daftari lina safu mbili.