Otomatiki ikirukaruka mwendo wa pole, injini ipimwe kwanza kabla ya gia boksi

Kuna swali naulizwa sana hapa Kireka, tena na watu wenye gari tofauti kabisa, Spacio, Premio, Wish, Forester, lakini maelezo yao ni yale yale. Gari ni otomatiki, uko kwenye jam ya Jinja Road unasogea taratibu kutoka Banda kwenda Nakawa, unaachia breki unagusa mafuta kidogo, gari inashtuka, inavuta inaachia inavuta inaachia, abiria wanatikisika vichwa, alafu ukishapata nafasi ukafika 50 hivi yote inaisha inakimbia vizuri tu. Na karibu kila anayeniuliza anakuwa ameshaambiwa na makanika kwamba gia boksi imekwisha, atafute nyingine.

Hilo linaniuma kweli. Gia boksi ni pesa nyingi, mtu anakopa kwenye sako yake, inafungwa, na gari inaendelea kuruka vile vile kama jana. Ninachowaambia watu siku zote ni kwamba mishtuko ya mwendo mdogo mara nyingi sana inaanzia kwenye injini, gia boksi inaipokea tu na kuipeleka kwenye matairi. Kwa hiyo injini ipimwe kwanza, na ipimwe kwa ushahidi, sio kwa kusikiliza mlio na kukisia.

Sababu yenyewe si ngumu. Ukiwa unatambaa kwenye jam throto, ule mlango wa hewa ya injini, imefunguka kidogo sana, hewa inayoingia ni kidogo, petroli kidogo, sasa hapo kosa dogo la hewa au la cheche linakuwa sehemu kubwa ya kazi yote ambayo injini inafanya. Ukiwa 80 kwenye Northern Bypass hewa inayoingia ni nyingi, kosa lile lile linamezwa, na uzito wa gari iliyo kwenye mwendo unaficha yaliyobaki. Alafu kumbuka uko gia ya kwanza, na torki konveta, ile inayounganisha injini na gia boksi, nayo inazidisha nguvu pale gari inapoondoka, yani injini ikisita hata kidogo ule mtikisiko unakufikia ukiwa umeshaongezwa.

Kabla hujamwita fundi yeyote kaa mwenyewe kwenye usukani uangalie mshale wa RPM, ule wa mizunguko ya injini, wakati gari inashtuka. Mshale ukianguka na kupanda pamoja na mishtuko, injini ndo inakosa nguvu kwa vipindi. Mshale ukipanda vizuri lakini gari haisogei sawasawa na huo mlio, hapo gia boksi inateleza na una haki ya kuishuku. Kitu kingine, tafuta barabara tulivu, weka lever kwenye L au 1 ili gari isibadilishe gia kabisa, uende pole pole. Kama bado inaruka wakati hakuna gia inayobadilika, basi huwezi kusema ni ubadilishaji wa gia. Kama inashtuka mara moja tu, kila mara kwenye mwendo ule ule inapotoka ya kwanza kwenda ya pili, hiyo ni habari ya gia boksi, na gia boksi tutaifikia. Na uangalie pia kama inafanya asubuhi ikiwa baridi au mpaka ipate moto, na kama sailensi yake, yani injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta, inatetemeka ukisimama kwenye D umekanyaga breki. Fundi mzuri atakuuliza hayo yote, asiyekuuliza chochote na anataka kufungua tu mimi ningeondoka na gari yangu.

Baada ya hapo ni skana, mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Sio lazima taa ya cheki injini iwake ndo upime, kodi, ile namba ya kosa, inaweza kuwa imeshaanza kuandikwa kwenye kompyuta bila taa kuwaka. P0300 ni injini inamisi, yani silinda inakosa kuchoma petroli, bila silinda maalum, P0301 mpaka P0304 inakutajia silinda yenyewe, P0171 ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Tatizo letu huku ni kwamba gari nyingi zimetengenezwa kwa soko la Japani, na za zamani kidogo unakuta ile soketi ya pini 16 ipo lakini skana ndogo za bei rahisi zinakataa kuongea nayo, kwa hiyo uende kwa mtu mwenye mashine inayoelewa gari za Japani, usikubali jibu la "haina kodi" wakati mashine haikuunganika kabisa.

Na ukishafika kwenye mashine usiishie kwenye kodi, omba uone data inavyotembea, hasa fyueli trimu, ile asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza yenyewe. Gari isiyo na tatizo inacheza karibu na sifuri, ndani ya 10 juu au chini. Sasa hapa ndo pazuri. Kama kwenye sailensi inaongeza petroli nyingi, alafu ukipiga resi mpaka 2,500 asilimia inashuka karibu na sifuri, kuna mahali hewa inaibiwa baada ya throto. Kama ni kinyume, kwenye sailensi iko sawa ila ukiipa mzigo ndo inaanza kuongeza, basi petroli haifiki vya kutosha au sensa ya hewa inadanganya. Yani kwa dakika chache umeshajua upande wa kutafuta bila kufungua nati hata moja.

Shemeji yangu alikuwa na Spacio ya namna hiyo. Makanika wa kwanza alimwambia, "Nyabo, hii gia boksi imechoka, tulete nyingine," na bei akaitaja hapo hapo. Shemeji akanipigia, nikamwambia asilipe kitu mpaka tuipime. Mashine ikasoma P0171, trimu kwenye sailensi imepanda mpaka 18, ukipiga resi inarudi 4. Tukawasha injini tukaanza kubana paipu za raba moja moja kwa koleo, na tulipobana ile fupi inayotoka kwenye kifuniko cha valvu kwenda kwenye manifoldi ya hewa, ile inayogawa hewa kwa silinda, sailensi ikatulia hapo hapo. Kuitoa tukakuta chini yake imepasuka, upande ambao huwezi kuuona ukiwa umesimama juu ya injini. Kisekka, soko la spea Kampala, tulipata nyingine kwa shilingi 15,000. Gari ikaacha kuruka siku ile ile, na gia boksi yake mpaka leo haijaguswa. Nikifikiria kwamba huyu mama alikuwa tayari anatafuta mkopo, hasira inanipanda tena.

Kwa hiyo raba zote ziangaliwe, na paipu kubwa inayotoka kwenye filta ya hewa kwenda kwenye throto iangaliwe kwa kuikunja kwa mkono, maana zile mikunjo zake zinapasuka ndani ya mkunjo, injini ikitulia mpasuko umefunga, ukikanyaga mafuta injini inajipinda na mpasuko unafunguka. Hapo hapo mtu mmoja akae ndani akanyage breki kwa nguvu, aweke D alafu R akigusa mafuta kidogo, mwingine aangalie injini kutoka pembeni, sio mbele ya gari. Injini ikiruka sana basi maunti, zile raba zinazoishikilia, zimekwisha, na maunti mbovu peke yake inatosha kukufanya uamini gia boksi inapiga.

Plagi na koili. Plagi za iridiamu zinaweza kufika kama 100,000 km, zile za kawaida hazifiki hata nusu ya hapo, na sokoni zimejaa bandia zenye boksi zuri kabisa, kwa hiyo nunua kwa mtu unayeweza kumrudishia. Koili, ile inayoipa plagi umeme, huna haja ya kununua ili ujue. Kama kodi ni P0301, toa koili ya silinda ya kwanza uipeleke ya pili, ya pili uilete ya kwanza, futa kodi, endesha. Kodi ikihamia P0302 koili ndo mbaya. Ikibaki P0301, hamisha plagi kwa njia hiyo hiyo, alafu ndo ufikirie injekta, ile inayomwaga petroli. Naipenda sana hii njia kwa sababu haigharimu chochote na haina ubishi.

Throto chafu nayo ni ya kawaida mno, kaboni inajikusanya kwenye ukingo wa kile kisahani, na mwendo mdogo ndo unategemea hako kanafasi kadogo. Isafishwe kwa dawa yake na kitambaa, na kama ni throto ya umeme usisukume kisahani kwa kidole wakati swichi iko on. Baada ya kusafisha sailensi inaweza kupanda au kuyumba mpaka kompyuta ijifunze upya, usiogope. Sensa ya hewa iko baada tu ya filta, ina waya mwembamba sana ndani, na kwa vumbi letu la barabara za murram, ukichanganya na filta inayopulizwa na kurudishwa miaka na miaka, ule waya unavaa uchafu na kupima vibaya. Ina dawa yake maalum, usiiguse kwa kitambaa wala brashi.

Wenye D-4, yani Premio za 2.0 na Wish za 2.0 na Noah za injini ya 1AZ-FSE, nyie mna la ziada. Petroli inamwagwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya valvu za hewa, kwa hiyo hakuna kinachoziosha na kaboni inakaa hapo inaongezeka. Dawa ya kumimina kwenye tanki haifiki huko kabisa, msipoteze pesa. Inabidi manifoldi ifunguliwe zisafishwe kwa mikono.

Na mafuta yenyewe jamani. Mtu anaweka petroli ya 10,000, lita mbili hivi, taa inawaka wiki nzima, alafu anapanda milima ya Kampala. Pampu iko ndani ya tanki na inapozwa na hiyo hiyo petroli, ukipanda mlima petroli inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Ukishaona trimu inapanda kwenye mzigo, presha ya petroli ipimwe kwa geji. Nyingi za injekta za kawaida zinataka karibu bar 3.

Sasa gia boksi, maana kweli nazo zinaharibika. Kuna mtetemo unakuja ukiwa unaongeza mwendo taratibu kwenye 50 au 60, kama unapita juu ya vituta vidogo vidogo vilivyopangwa. Ukiwa kwenye barabara tupu, shikilia mafuta vile vile alafu gusa breki kidogo tu kwa mguu wa kushoto, taa za breki ziwake basi. Mtetemo ukikatika hapo hapo, ni klachi ya ndani ya torki konveta. Na mara nyingi kinachoiumiza ni oili. Toyota T-IV na WS sio kitu kimoja, na CVT, otomatiki isiyo na gia za kubadilisha moja moja, ina oili yake peke yake, Nissan wana NS-2 na NS-3, ukiweka ATF, oili ya otomatiki za kawaida, kwenye CVT unaiua. Premio nyingi za kuanzia 2007 ni CVT, watu wengi hawajui hilo wanawekewa yoyote iliyopo dukani. Kupima pia kuna utaratibu wake: Toyota yenye dipstiki unapima injini ikiwa inawaka na imepata moto, kwenye P, Honda unazima kwanza alafu unapima ndani ya dakika moja na nusu. T-IV iliyogeuka kahawia na kunuka kuungua imeshachoka. Ninashauri uimwage na kujaza, uendeshe, urudie tena baadaye, kuliko kuisukuma yote kwa mashine.

Vezel na Fit za haibridi za kuanzia 2013 mpaka kama 2020 ziweke pembeni kabisa, zile ndani zina klachi mbili kavu, hazina torki konveta, kwa hiyo kutambaa kwenye jam kunazichosha na kuzipasha moto. Acha nafasi mbele yako, usogee mara moja badala ya kuguswaguswa, na zikianza kuruka zinahitaji mtu mwenye mashine ya kuzifundisha upya.

Kama ushahidi wote umeonyesha gia boksi na unaenda kununua iliyotumika, soma kile kibati cha gari, Toyota kina mstari wa TRANS/AXLE, namba ifanane na ile utakayoletewa, kwa sababu injini moja inaweza kufungwa gia boksi zaidi ya aina moja. Oili ya ndani itolewe yote mbele yako, iwekwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na mwenye mashine afute yale ambayo kompyuta ilijifunza kwenye gia boksi ya zamani, bila hivyo hata nzima itabadilisha gia kwa kupiga.